Barua kwa mwanangu Zaina: wa kwetu walikutana wapi?

Mwanangu Zaina,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Ujumbe wako niliusoma baada ya magharibi, nikaurudia tena usiku. Unasema mwenye nyumba wako huko Hamburg amekutolea albamu ya babu yake, daktari wa jeshi la Mdachi, yaani Mjerumani, aliyekuwa huku kwetu kwenye vita vya 1914. Kwenye picha za baadaye wazee wamekaa mezani, bilauri mkononi, nishani kifuani. Kila mwaka walikuwa wanakutana kukumbushana. Akakuuliza, "Na kwenu je, waliopigana walikuwa wanakutana?" Ukakosa la kusema, ukanirushia mimi.

Kwanza usimnunie mzee wa watu. Madaktari wale walifanya kazi ngumu, na mimi niliyefanya unesi hospitali ya Bombo mpaka nikastaafu naijua kazi. Waingereza waliziba bahari, dawa hazipiti. Ikabidi Amani, hapo juu Usambara, watengeneze dawa ya malaria kwa magome ya mti wa kwinini. Ile waliyochemsha kienyeji ilikuwa chungu hata wenyewe wakaitania kuwa ni pombe ya Lettow, yaani mkuu wao, Lettow-Vorbeck. Bandeji nazo walizitoa kwenye magome ya miti. Mtu aliyewahi kuishiwa pamba saa nane usiku, wodi imejaa, hawezi kuwabeza.

Ila muulize kwinini ile aliinywa nani. Mzungu kwanza. Askari, bahati yake. Mpagazi ndiyo kabisa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi. Walimchukua Muheza, hajaota hata ndevu, wakamtwika sanduku la dawa. Nishani sikuiona, nilichokiona ni mguu wake wa kushoto. Vidole vitatu havipo, na pale vilipokuwa ngozi imekaza, inang'aa kama imepakwa mafuta. Funza hao. Nyumbani funza si kitu: bibi alikuwa anachukua mwiba wa mlimau, anachokonoa taratibu mpaka kifuko kitoke kizima, anapaka mafuta ya taa, unarudi kucheza. Lakini safarini nani akusubiri ukae chini, na mzigo wa kilo 25 kichwani?

Ruvuma hakuvuka. Novemba 1917, kabla jeshi halijaingia Msumbiji, wagonjwa na majeruhi waliachwa huko Umakonde waokotwe na Mwingereza, naye akiwa miongoni mwao. Alikuwa anaupiga mguu ule kofi na kusema, "Huyu ndiye aliyenirudisha."

Kuna daktari mmoja wao, Ludwig Deppe, kabla ya vita alikuwa mkuu wa hospitali hapa hapa Tanga. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa, na njaa. Huyo namheshimu. Kama na babu wa mwenye nyumba wako aliacha daftari, mwombe akusomee.

Sasa hiyo mikutano. Wakubwa walikutana, tena hata na maadui zao. Mwaka 1929 Lettow alialikwa London kwenye karamu ya Waingereza waliopigana naye, akakaa na Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyewaongoza Waingereza kupigana naye huku, wakawa marafiki. Wamekula akiba za watu wetu, kisha wakagonganisha bilauri! Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam akiwa mzee, na askari wake wa zamani wakaenda kumlaki. Halafu 1964 serikali ya Ujerumani ikatoa fedha za kuwalipa askari waliobaki. Husimuliwa kuwa huko Mwanza wazee wengi hawakuwa na cheti, basi mlipaji akawa anampa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kidachi, kama gwaride. Hakuna aliyekosea.

Fedha zile lakini zilikuwa za askari. Wapagazi walikuwa wengi zaidi, na hakuna aliyewaita dirishani kulipwa, hata kwa ufagio.

Babu alikuwa na mwenzake mmoja wa Pangani. Kila Idi alikuja na kanzu yake iliyopauka, wanatandika jamvi chini ya mwembe, birika la kahawa katikati. Vita hawakuvitaja. Ubishi wao ulikuwa mmoja, mwaka hadi mwaka: ile siku chakula kilipopikwa kwa mafuta ya kiboko, babu alikula au hakula? Babu anaapa hakugusa. Mwenzake anacheka mpaka kofia inaanguka. "Ulilamba na sufuria!" Mwambie mwenye nyumba wako, wa kwetu walikutana hapo.

Nami nina ombi. Picha za mezani ziache. Zile za porini, zenye watu wa nyuma wasioandikwa majina, zipige kwa simu unitumie. Nitazipeleka Muheza kwa bibi yako mdogo, macho yake bado makali. Babu alikuwa na masikio makubwa yaliyosimama. Hapotei.

Mama yako