Anza na ramani kabla ya simu

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: rafiki yuko safarini ng'ambo, taarifa ya habari inasema huko ardhi imetetemeka, na simu yake haiingii. Aliye Nairobi afanye nini? Najua wengi watajibu kwamba wapige tena na tena mpaka apatikane. Naomba nilipinge jibu hilo, maana linamwongezea taabu yule yule tunayemhangaikia.

Cha kwanza ni kujua alikuwa mji gani saa ile. Jina la nchi peke yake linatisha tu. Tetemeko la Uturuki la tarehe 6 Februari 2023 lilikuwa la ukubwa wa 7.8, na watu zaidi ya 50,000 walikufa huko na nchini Syria. Lakini majengo yalianguka upande wa kusini, Kahramanmaraş, Hatay, Adıyaman na Gaziantep. Mfanyabiashara wa Eastleigh aliyekuwa Istanbul kununua mzigo wa nguo alikuwa karibu kilomita 800 kutoka hapo. Fungua ramani ya mtikisiko inayotolewa bure na USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, utafute mji wake. Ukubwa wa tetemeko ni namba moja, lakini ukali wa mtikisiko hubadilika kutoka mji hadi mji kwa kutegemea umbali, kina na aina ya udongo. Rangi za ramani zinaonyesha ukali huo: buluu hafifu ni mtikisiko mdogo, nyekundu ni mkali mno.

Hapo kuwa mwangalifu na saa, kwa sababu watu hukosea sana. Ramani nyingi huandika saa ya dunia (UTC), na Nairobi iko mbele yake kwa saa tatu. Tetemeko hilo la Uturuki liliandikwa 01:17. Kwetu, na kwa Uturuki pia kwa kuwa saa zetu ni sawa, hiyo ilikuwa 04:17, yaani saa kumi na dakika 17 alfajiri. Ukimsomea mama yake 01:17 naye akasikia "saa moja", umeshamweka mtoto wake barabarani ilhali alikuwa kitandani. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, na Nepal kwa saa 2 na dakika 45. Ukiipata saa ya kweli, ilinganishe na ratiba yake: tiketi ya ndege, jina la hoteli, siku ya kuhamia mji mwingine.

Kama yuko pwani na tetemeko limetokea baharini, mtumie ujumbe mara moja, usingoje habari zaidi. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami kutokana na tetemeko la Sumatra, Indonesia, yalichukua kama saa mbili kufika Sri Lanka, na saa kadhaa kufika pwani yetu. Maneno "ondoka ufukweni, panda mahali pa juu" yanaweza kumfikia kabla ya maji.

Sasa simu. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa" haisemi lolote kuhusu uhai wa mtu. Simu imezimwa, au chaji imeisha, au mnara wa eneo lake umekosa umeme. Minara mingi ina betri za akiba za saa chache tu, ndiyo sababu mtu hupatikana asubuhi kisha akapotea mchana bila jambo jipya kumpata. Tena, kila simu ya sauti hushika nafasi mtandaoni muda wote wa mazungumzo. Maelfu wakipiga kwa pamoja, anayeita gari la wagonjwa hukosa njia. SMS huhitaji nafasi ndogo mno, na isipofika mara moja huhifadhiwa na kujaribiwa tena.

Kwa hiyo andika SMS moja, kwa mfano: "Tumesikia tetemeko. Jibu kwa namba: 1 salama, 2 nimeumia, 3 nimekwama. Taja mahali. Usipige, tunza chaji. Nitamwambia mama." Isizidi herufi 160, na usitie vikatuni vya nyuso. Kikatuni kimoja hushusha kikomo hadi herufi 70, ujumbe unakatwa vipande, na kipande kimoja huenda kikachelewa. Itume kwenye laini yake ya Kenya na ile aliyonunua huko, kisha uiweke WhatsApp pia. Tiki mbili za WhatsApp ni dalili njema, lakini uliza kwanza kama aliacha kompyuta yake Nairobi ikiwa imeunganishwa na akaunti hiyo. Ujumbe ukiingia kwenye kompyuta, tiki mbili huonekana hata kama simu yake imezimika.

Chagueni mtu mmoja wa kuwasiliana naye, na wengine wote waulize kwa huyo. Watu arobaini wa kundi la familia wakimwandikia kila mmoja kivyake, chaji ya mwisho itakwisha kwa kujibu "niko sawa".

Siku ikipita bila jibu ilhali mji wake uko eneo jekundu, ingia kwenye njia rasmi. Wizara ya Mambo ya Nje ina idara ya Wakenya walio ughaibuni, na ubalozi wetu wa karibu unahitaji namba ya pasipoti, hoteli, na mawasiliano ya mwisho. Msalaba Mwekundu wa Kenya, makao makuu South C, simu ya bure 1199, una huduma ya kutafuta jamaa waliopoteana. Nenda na mzazi au ndugu yake, kwa kuwa ombi la familia ndilo hushughulikiwa. Huulizwa jina kamili, majina ya baba na mama, tarehe ya kuzaliwa, na mahali alipoonekana mwisho. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Jina la utani analotumia Facebook halimo katika orodha ya hospitali yoyote.

Matapeli nao hawalali. Ujumbe ukija kwa jina lake ukiomba pesa za M-Pesa za matibabu, uliza jambo ambalo yeye pekee analijua, au umwombe sauti yake. Kama umeshatuma, peleka ule ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha malipo kwa 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, haraka, kabla pesa hazijatolewa.

Na akijibu kwamba ni mzima, bado kuna neno la kumwambia. Wengi huandika, "Nimetoka salama, narudi chumbani kuchukua pasipoti." Uturuki, siku ile ile, saa saba na dakika 24 mchana, tetemeko la pili la 7.5 liliangusha majengo ambayo la kwanza liliyaacha na nyufa. Mjibu upesi: usiingie, pasipoti iache. Ubalozi utakupa hati ya dharura ya kurudi nyumbani.

Msomaji, Nairobi