Rangi ya maji inakauka kabla sijamaliza kuwaonyesha wanafunzi

SWALI: Nafundisha sanaa sekondari hapa Dodoma mjini. Nikiwaonyesha wanafunzi jinsi ya kutandaza rangi ya maji kwenye anga, inakauka katikati ya maelezo na kuacha mistari. Wa nyuma nao wanalalamika hawaoni. Tatizo ni nini, na je, ninunue karatasi ya gharama?

JIBU: Mwalimu, mkono wako hauna kosa. Kinachokuangusha ni hewa kavu ya kiangazi, na kuongea huku unapaka.

Ubao ukiinamishwa kidogo, maji hujikusanya chini ya kila mpigo wa brashi na kufanya ukingo mnene unaong'aa. Mpigo unaofuata unatakiwa uudake ukingo huo ungali mbichi, uushushe chini. Ukikauka kabla hujarudi, chembe za rangi zinabaki palepale, na huo ndio mstari unaouona. Ukijaribu kuufuta kwa brashi yenye maji, maji mapya yanaisukuma pembeni rangi iliyokauka nusu, unapata doa lenye kingo za kukatika-katika, baya kuliko mstari wenyewe. Wakati wa mvua ukingo unakusubiri. Mwezi wa Nane, upepo ukivuma, hausubiri hata sentensi moja.

Kwa hiyo lowesha karatasi kwa sponji pande zote mbili, uilaze juu ya kioo au plastiki ngumu. Usianze papo hapo. Iguse kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya baridi lakini haing'ai tena, iko tayari. Unyevu wa chini ndio utakaokupa muda. Rangi ichanganye mapema kwenye bakuli, nyingi kuliko unayodhani utahitaji, maana kusimama katikati ili uchanganye nyingine ndiko kunakoharibu anga nyingi. Matone mawili matatu ya gliserini ya duka la dawa yanachelewesha kukauka. Ukizidisha, karatasi itabaki inanata na vumbi litaganda. Zima pangaboi, na umwombe mwalimu wa taaluma akupe vipindi vya asubuhi.

Kwenye kuonyesha ndipo ningependa ubadilike kabisa. Eleza kila kitu kabla brashi haijagusa maji, kisha paka kimya kuanzia juu hadi chini. Wanafunzi wanaoambiwa mapema watazame nini huona mengi mno kwenye ukimya huo. Ukimaliza, kamua brashi, nyonya ukingo wa mwisho, ndipo urudi kwenye maelezo. Halafu paka karatasi ya pili, na safari hii ipitie tena sehemu iliyoanza kukauka, makusudi, ili waone doa linavyozaliwa. Mimi naona somo lisilo na karatasi hiyo ya pili ni nusu somo.

Kuhusu wa nyuma, usisimame ukitazamana nao, kwa sababu wanaona mkono wako juu chini. Weka ubao kwenye meza fupi, wasimame nyuma ya mabega yako, kundi moja moja. Darasa likiwa kubwa, onyesha mara tatu. Kundi lililokwisha kuona liende moja kwa moja kupaka.

Waache wapake anga wanayoiona dirishani. Kiangazi, juu ni buluu iliyokolea, lakini ukishuka kuelekea vilima inafifia na kuingia wekundu wa vumbi. Hapo wanajifunza kupunguza rangi kwa kuongeza maji kidogo kila mpigo, na mstari mmoja hivi karibu na vilima hauharibu kitu.

Karatasi nzuri ya gramu 300 kwa mita ya mraba nunua chache, za kwako za kuonyeshea, maana haikunjamani kirahisi ikilowa. Wao wapake kwenye karatasi nene ya kuchorea, iliyobandikwa ubaoni kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne. Manila laini usiwape kwa kazi hii. Hainywi maji vizuri, rangi inateleza juu yake.