Kaptura ya baiskeli ya kulala haipimwi kwa kusimama

Mzee mmoja aliyekaa barazani pale Gombani, kisiwani Pemba, ndiye aliyenipa somo langu la kwanza la kaptura. Nilikuwa nimemaliza mlima, nimesimama kuvuta pumzi, mguu mmoja chini na mwingine bado uko kwenye pedali kule mbele, karibu usawa wa kifua. Nikamtolea salamu. Akaitikia vizuri, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, halafu ghafla akageuza uso akaanza kuuangalia mnazi wa jirani.

"Mwanangu," akauambia mnazi, "kipando chako kizuri. Lakini jistiri."

Nikajitazama. Ile kaptura niliyotoka nayo nyumbani ikigusa magoti ilikuwa imejikusanya yote nyongani, paja zima liko nje, na wakati huo ndio watu wanatoka kuswali Alasiri. Nikafungua kikoi nilichokuwa nimekifunga kwenye keria, nikajifunika, nikarudi Chake Chake kwa mwendo wa pole kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Kwa asiyeijua, baiskeli ya kulala ni ile yenye kiti cha kuegemea, pedali ziko mbele yako badala ya chini yako. Watoto wa mtaani kwetu wanaiita "kitanda", na wakiniona kwa mbali hupiga kelele wakiniuliza mto nimeuwacha wapi. Mimi ilinijia kwa shemeji yangu wa Unguja, aliyeinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ikavuka kwa boti mpaka Mkoani imefungwa magunia. Kiuno changu kilikuwa kimeshaikataa baiskeli ya kawaida, basi hii nikaipokea kwa mikono miwili. Huu ni mwaka wa tatu naiendesha kwenye milima hii ya Pemba, na nakuambieni kweli, pesa nilizopoteza kwenye kaptura ni nyingi kuliko nilizotia kwenye matairi.

Makosa yangu yote yana mzizi mmoja: nilikuwa nikinunua kaptura kwa kusimama mbele ya kioo, kisha naenda kuivaa nimelala.

Tuanze na urefu, maana ndio uliotaka kunivunjia heshima. Ukiwa kwenye baiskeli ya kawaida, paja linaelekea chini na kitambaa kinaning'inia kinavyopenda. Kwenye ya kulala, goti liko juu kuliko nyonga. Kitambaa kinateremka kuelekea kiunoni kwa uzito wake chenyewe, upepo unaingia kwa mbele unakisukuma, na kila ukizungusha pedali kinapanda kidogo tena. Ile yangu nilikuja kuipima: kutoka Chake mpaka Vitongoji ilipanda shibiri nzima. Kwa mwanamme wa Kiislamu, awra, yaani sehemu ya mwili ya kusitiriwa, ni baina ya kitovu na magoti, na kisiwa hiki hakina mzaha na jambo hilo. Kwa hiyo ukisimama, kaptura ikikugusa goti, hiyo si yako. Ikifika nusu ya muundi, hapo tunaweza kuzungumza. Ukiivaa dukani utajiona kama umevaa suruali ya kaka yako mkubwa. Vumilia.

Jua nalo lina hoja ile ile. Kwenye baiskeli ya kawaida kinachoungua ni shingo na mikono. Ukilala, mapaja, magoti na miundi vimeanikwa kama karafuu juu ya jamvi. Na Pemba jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwaka wa kwanza nilikwenda Konde na kurudi mwezi wa Machi nimevaa bukta. Siku mbili nililala bila kujifunika shuka, kwa sababu shuka lenyewe lilikuwa likiniuma.

Kuna na wadudu. Mguu wa kaptura ukiwa mpana, ukielekea mbele na umefunguka, ni mlango. Nyigu aliniingia karibu na Ole, wakati nateremka, mikono yote miwili iko kwenye breki. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba tangu siku hiyo pindo la kaptura zangu lina kamba nyembamba ya kukaza, na nikianza mteremko naihakikisha kama rubani.

Baada ya hapo nikafikiri dawa ni kununua kaptura maalumu za waendesha baiskeli, zile za kubana zenye sponji katikati. Nikaagiza moja kwa bei ambayo mke wangu mpaka leo haijui. Nilivaa mara nne.

Tatizo si ubora wake. Sponji ile imewekwa kwa ajili ya mtu aliyekaa juu ya kiti chembamba, uzito wake wote umeangukia mifupa miwili ya makalio na ile sehemu ya katikati. Kwenye baiskeli ya kulala huko katikati hakuguswi na kitu. Uzito umetandazwa kwenye makalio, karibu na kifandugu, na mgongoni. Basi sponji inakaa bure mahali isipohitajika, na ukingo wake unakuja kukukata chini ya kalio, pale pale penye uzito. Halafu inakunywa jasho. Ukifika Wete unashuka umebeba kitu kama nepi ya mtoto.

Hili lina historia yake. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, akiwa amelala kwenye baiskeli iliyoundwa na Charles Mochet, alivunja rekodi ya mwendo wa saa moja mjini Paris kwa kwenda kilomita 45.055. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya tangu 1914. Mwaka uliofuata, 1934, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kikaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, na zile za kulala zikabaki nje. Naamini hapo ndipo na sisi wavaaji tulipotolewa nje. Washonaji wanafuata mbio, mbio zinakimbiwa kwa kuinama, basi karibu kila kaptura ya duka la baiskeli ni ya mtu aliyeinama. Sisi tuliolala tujishonee wenyewe.

Na ndivyo nilivyofanya. Nilikwenda kwa fundi wangu wa cherehani hapa Chake, mtu mzima, aliyenishonea kanzu ya harusi. Nikamwambia nataka kaptura ya baiskeli. Akachukua futi kamba, akaniambia simama. Nikamwambia, "Hapana, ami, nipime nimelala." Akaushusha ule uzi aliokuwa ameushika mdomoni.

"Nimewapima maiti," akasema, "lakini hao hawakuniomba."

Ikabidi nivute viti viwili, kimoja nikae nimeegemea, kingine nitie miguu juu yake, nikunje goti moja na kunyoosha jingine kama napiga pedali. Wateja wengine wakaacha mambo yao. Lakini fundi ni fundi. Alipoona namna suruali niliyovaa ilivyovutika, alinyamaza, akaanza kunizunguka na chaki. Alichokigundua ni hiki: nyuma, kiuno cha suruali kilikuwa kimeteremka mpaka ngozi inaonekana, na mbele kitambaa kimejirundika chini ya tumbo kama kilemba. Mtu aliyeegemea miguu juu anahitaji kitambaa kirefu nyuma na kifupi mbele. Akaongeza nyuma upana wa vidole vitatu na mbele akapunguza kama viwili.

Jambo la pili alilofanya ndilo lililoniokoa zaidi. Pale kati ya mapaja, ambapo mishono minne ya suruali ya kawaida inakutana na kufanya fundo, akakata akatia kipande cha kitambaa chenye umbo la tiara, yaani kishada wanachorusha watoto. Fundo likaondoka, na mguu ukapata nafasi ya kupanda na kushuka bila kuuvuta mguu wa pili. Gharama ya kipande kile ilikuwa ndogo kuliko chai ya asubuhi. Kama una kaptura unayoipenda inayokubana hapo, usiitupe. Mpelekee fundi atie tiara.

Kiunoni nikakataa mkanda. Ukiegemea, bizimu ya mkanda inakuingia tumboni, na kishikizo cha chuma vilevile. Lastiki pana na kamba ya kufunga kwa ndani inatosha. Nyuma pawe tambarare kabisa: hakuna mfuko, hakuna kishikizo, hakuna kibandiko cha jina la kampuni kilichoshonwa kwa uzi mgumu. Kila kitu kilichoko nyuma utakilalia saa nzima.

Mifuko ya pembeni nayo ni mtego. Mfuko wa kawaida mdomo wake unaelekea juu ukiwa umesimama. Ukilala, mdomo unaelekea nyuma na chini, yaani unamimina. Nimemwaga sarafu njia nzima ya Wete, na siku moja simu. Simu iliokotwa na kijana wa kuuza madafu, akapiga namba ya mwisho, akanisubiri mpaka nikarudi. Hiyo ndiyo Pemba. Lakini kioo kilikuwa kimekwisha. Sasa kaptura zangu zina mfuko mmoja tu, juu ya paja, karibu na goti, una zipu, na ndani yake mna kitambulisho na noti mbili. Simu inakaa kwenye mkoba nyuma ya kiti.

Kitambaa je? Hapa ushauri wangu unaweza kumkera mtu, lakini pamba sitaki tena. Nilikua naambiwa pamba ndiyo kitambaa cha nchi ya joto, na kwa shati nakubali. Tatizo ni kwamba makalio na mgongo wa mtu aliyelala havipati upepo, vimebanwa na kiti. Pamba inalowa pale na haikauki, na kaki nzito ndio balaa: unaingia nayo msikitini una ramani nyuma. Bukta za kuchezea mpira zinakauka haraka, ila zinateleza. Kiti changu ni cha faiba chenye sponji nyembamba, na nikifunga breki kwenye mteremko bukta inanisukuma mbele mpaka naona magoti yangu karibu na kidevu. Wenye kiti cha wavu watateleza kidogo na watapata upepo zaidi, lakini wawe macho na ule wavu wa ndani wa bukta. Wavu juu ya wavu unachubua ngozi. Ukate kwa mkasi.

Kinachonifaa ni nailoni nyembamba isiyong'ara, yenye kunyumbuka kidogo, ya zile suruali za wazungu za kupandia milima. Zinapatikana kwenye mitumba, Darajani ukienda Unguja, au hapa Chake marobota yanapofunguliwa. Natafuta suruali ndefu, si kaptura, kwa sababu ndefu naikata nitakapo. Naivuta kwa upana nione kama inanyumbuka na kurudi, naisugua kiganjani nione kama inateleza, halafu nageuza ndani naangalia mishono. Nikiona inafaa, nakaa. Kweli, nakaa palepale juu ya robota nyingine, naegemea, nainua miguu. Wauzaji wameshanizoea. Rangi naichukua ya kiza, kwa sababu mnyororo wa baiskeli hii ni mrefu karibu mara tatu ya ule wa kawaida na unapita chini ya mapaja. Grisi utaipata tu.

Dada mmoja mwalimu wa skuli aliniuliza kama na yeye anaweza kuendesha. Anaweza, na kwa kweli kiti cha kuegemea kina stara kuliko kile cha kupandia. Lakini baibui lisishuke kwenye mnyororo. Suruali pana ya kitambaa hicho hicho, pindo la kukaza kwenye kifundo, na koti refu linaloishia juu ya goti, hapo ameshapona.

Jambo jingine, mtu asije akanilaumu: ikiwa makalio yanakuwaka moto au yanakufa ganzi baada ya nusu saa, hata uvae hariri hutapona. Hicho ni kiti. Kilaze nyuma kidogo zaidi, uzito uhamie mgongoni, na kila baada ya muda jiinue kwa mabega uachie damu ipite. Mimi nilibadilisha kaptura tatu kabla ya kugundua kwamba skrubu moja ingemaliza kazi.

Masika siendeshi. Gurudumu la mbele linachota maji ya barabarani na kuyaleta moja kwa moja mahali ambapo fundi alitia tiara, na kaptura ya kuzuia hilo haijashonwa. Nikiliona wingu limekaa upande wa Mtambwe, naipakia baiskeli juu ya gari ya abiria, na utingo ananitoza nauli ya watu wawili kwa sababu, anasema, mwenzangu amelala.