Kipande cha Tatu

Jumamosi iliyopita, kwenye mashindano ya kuogelea, Dagaa aligusa ukuta kwa dakika 2:31, mita 200 fristaili, nikajikuta nimekaa kwenye simenti yenye maji, suruali imelowa, wala sijui nani kashinda. Yeye alikuwa wa nne. Lakini mwezi wa tatu alikuwa wa 2:44, kwa hiyo wenye medali niliwaacha na medali zao.

Dagaa si jina lake. Ana miaka 12, mwembamba, nikambatiza hivyo siku ya kwanza na likamganda. Tangu Jumamosi wazazi wananiuliza nimemfanya nini. Mmoja ameniandikia saa nne usiku: "Kocha, wangu mbona hajitumi? Mkalie kooni basi." Mama, nakujibu hapa, maana huko kooni nimeshakaa.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kijana mwenye mabega ambayo Mungu hampi kila mtu. Mimi nililelewa na kocha wa kufoka, na niliamini kufoka ndiyo kazi yenyewe. Jumanne ilikuwa siku ya mita 100 mara kumi, na akilegea nilimrudisha aanze upya, mbele ya wenzake, huku nikimwita mvivu. Akaanza kuumwa tumbo. Ajabu, tumbo lile lilikuwa linauma Jumanne tu, na mimi nikalicheka. Mama yake akamhamishia klabu nyingine, na huko akapata medali. Siku hiyo mama alinipita pale ukingoni bila salamu, na mimi ndiye niliyemfundisha mwanawe kuweka uso majini! Linaniuma mpaka leo, sitajifanya mstaarabu.

Kwa hiyo Dagaa alipokuja, nilinyamaza na kushika kalamu. Bwawa letu ni la mita 25, mita 200 ni kwenda na kurudi mara nne, yaani vipande vinne vya mita 50. Vyake vilisoma hivi, kwa sekunde: 34, 40, 46, 44. Hebu rudia kuvisoma taratibu. Mtu aliyekwisha kabisa hawezi kutoka 46 akafunga kwa 44. Nguvu alikuwa nazo, ila kipande cha tatu alikuwa anazificha, kisha anazitoa akishauona mwisho.

Nikamuuliza, "Pale katikati unasikia nini?"

"Mapaja yanawaka, mwalimu."

"Halafu?"

"Halafu naogopa yatazidi."

Miaka yote ya kufundisha, sikuwahi kumuuliza mtoto swali hilo.

Basi tukaacha kuhangaika na mita 200 nzima. Tuliogelea mita 50 mara nne, pumziko sekunde 10, na saa naibonyeza kipande cha tatu tu. Namba anachagua mwenyewe, anaiandika kwa maka peni juu ya kibao chake cha kupigia mateke. Ya kwanza ilikuwa 45. Sekunde moja tu! Akiipata mara tatu kwa wiki, anaifuta. Kipande cha kwanza nacho alijifunza kukitawala, asikimbilie sifa. Kuna siku alikosa mara nne mfululizo, akatoka majini miwani imejaa machozi. Ulimi uliniwasha. Nikaenda kununua chai. Niliporudi alikuwa ameshaingia tena.

Jumamosi vilisoma 35, 38, 40, 38.

Mama yake aliniuliza, kwa heshima lakini kwa jicho lile, "Sasa mwalimu, wa nne ndiyo nini?" Nikamkumbusha mwogeleaji Jason Dunford wa Kenya. Fainali ya mita 100 bataflai, mtindo wa kipepeo, Olimpiki ya Beijing 2008, ile ambayo Mmarekani Michael Phelps alishinda kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Dunia nzima ilitazama mikono miwili ikigusa ukuta, na Dunford akamaliza wa tano. Mwaka 2010 kule Delhi akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola, mita 50 bataflai. Mama akasema haya, tutaona.

Sasa wazazi wenzangu, na nyinyi makocha vijana mnaopenda filimbi. Acheni mtoto achague namba. Muulizeni anasikia nini, kisha msikilize jibu. Mapaja kuwaka ni kazi. Bega au goti kuchoma si kazi, mtoeni majini siku hiyohiyo. Na michezo ya kushindana kubana pumzi chini ya maji, kwangu ni marufuku, hata kwa utani: mtoto anaweza kuzimia huko chini bila dalili yoyote ya kumwonya, na anayetazama akadhani bado anashindana. Huo si ujasiri.

Na tafadhali, wewe baba unayekimbia ukingoni ukipiga kelele "Kaza! Kaza!", kichwa cha mtoto kiko majini, hakusikii. Wanaokusikia ni sisi. Namba achague yeye, nimeshasema, nasema tena.

Leo asubuhi nimekuta kibao cha Dagaa kimeandikwa 38. Nimemwambia ni kuruka hatua, aandike 39. Amekataa, na amesema pia nisimwite Dagaa mbele ya wageni. Hilo la jina nimekubali. La namba tumeahirisha mpaka Jumanne.