Jua Lipo, Joto Litakwenda Wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: je, inawezekana kuchimba sarafu za kidijitali angani kwa umeme wa jua? Wengi watajibu kuhusu jua. Mimi ni fundi umeme wa hapa Tanga, na naomba nijibu kuhusu joto, kwa sababu umeme karibu wote unaoingia kwenye mashine ya kuchimba Bitcoin, yaani kompyuta inayopiga hesabu mfululizo ili mwenyewe alipwe sarafu hiyo ya kidijitali, hutoka ukiwa joto, na hapo ndipo mradi wa mpwa wangu ulipokwama.

Alinunua mashine iliyokwisha kutumika, ya wati 3,000 hivi, akaifunga katika chumba cha uani kule Sahare, paneli zikiwa juu ya bati. Waya nilivuta mimi. Asubuhi ilinguruma bila tatizo; lakini ilipofika saa saba mchana, msimu wa kaskazi, jua likiwa la utosi na umeme ukiwa wa kutosha, mashine ilijizima yenyewe kwa kuzidiwa na joto, ikawaka tena alasiri wakati jua limekwisha kupungua nguvu. Tulitoboa ukuta upande wa upepo, tukaweka feni kubwa ya kutoa hewa. Ilisaidia kidogo. Hata hivyo, hewa ya kule ina chumvi, na baada ya miezi michache mapanga ya feni yalikuwa na ukoko mweupe, plagi imebabuka ikawa ya kahawia, na bodi moja imeota kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu. Niliisugua kwa spiriti na mswaki, ikafanya kazi, kisha ikafa kabisa. “Mjomba,” aliniambia, “umeme ninao, ninachokosa ni pa kulipeleka hili joto.”

Angani hakuna chumvi wala kutu, lakini hakuna pia hewa ya kusukumwa na feni. Joto huondoka kwa mnururisho peke yake, yaani kwa kutoka kama miale isiyohitaji hewa, ndiyo maana Kituo cha Kimataifa cha Anga hupitisha amonia kwenye mabomba mpaka kwenye mabapa makubwa yanayolitoa joto nje. Kwa hiyo nilishika kalamu nikiwa na jibu la hapana.

Hesabu imenilegeza. Juu ya angahewa kila mita ya mraba hupokea takribani wati 1,360 za jua. Paneli zikigeuza robo yake kuwa umeme, mashine kama ile itahitaji mita za mraba tisa hivi. Bapa lenye nyuzi joto 60, likikingwa na jua, hutoa takribani wati 600 kwa kila mita ya mraba ya uso wake, kwa hiyo mita tano zingetosha. Usiku nao unaepukika, kwa kuwa satelaiti inayofuata mpaka wa mchana na usiku hupata jua karibu mwaka mzima. Tena kazi hii haihitaji kuushusha umeme duniani, jambo ambalo ndilo gumu zaidi: kinachoshuka ni data kidogo tu, na kwa kuwa bloku ya Bitcoin, yaani fungu la miamala ambalo mchimbaji anayelikamilisha hulipwa, hupatikana kila baada ya dakika 10 hivi, kuchelewa kwa sehemu ya sekunde si hoja kubwa.

Basi kiufundi nasema ndiyo, ingawa chipu zitahitaji kulindwa dhidi ya mionzi. Kibiashara bado nasema hapana, walau kwa gharama za sasa za kurusha mizigo. Mashine hizi hupitwa na wakati katika miaka michache, hakuna fundi wa kupanda huko kubadilisha bodi, na malipo ya kila bloku yalipunguzwa nusu Aprili 2024, kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125, na yataendelea kupunguzwa hivyo kila baada ya miaka minne hivi. Gharama ya roketi ikishuka sana, nitakuwa tayari kulitazama upya jibu hili. Kwa sasa, yeyote atakayepita mitaani kwetu akiuza hisa za mradi wa namna hiyo aombwe kwanza mchoro wa mabapa ya kutolea joto na gharama ya kuyapandisha, ndipo aonyeshe picha za paneli.