Huduma Inagoma Seva Ikiwaka, Nikiianzisha kwa Mkono Inakubali

SWALI: Nina seva ya Linux yenye programu niliyoiandika mwenyewe, inayopokea maombi kwenye anwani moja ya IP ya seva hiyo. Nimeifanya huduma ya systemd (msimamizi anayeanzisha huduma za Linux) na nimeipa amri ya systemctl enable ili ianze yenyewe seva ikiwaka. Kila seva ikiwashwa upya naikuta imekufa. Nikiandika systemctl start inaamka papo hapo, na hainisumbui tena. Kwenye faili yake kuna After=network.target na Restart=always. Rafiki kanishauri nitie sleep 30 mwanzoni. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize, tafadhali. Sekunde 30 zitatosha leo, kisha siku mtandao ukichelewa zitakuangusha, nawe hutajua kwa nini.

Huduma inayokubali kwa mkono na kukataa seva inapowaka mara nyingi ni nzima. Imewahi tu kuliko kitu inachokitegemea. Kwa hiyo washa seva upya, usiiguse huduma, andika journalctl -b -u na jina lake. Hiyo -b inakuletea kumbukumbu za uwashaji huu peke yake. Zisome kuanzia juu, nakusihi. Wengi huishia kwenye "Start request repeated too quickly", na huo ni tangazo la msiba tu. Kilichoua kimeandikwa mistari michache nyuma. Kwa maelezo yako, natarajia utakuta "Cannot assign requested address": programu imeomba anwani ambayo kadi ya mtandao haijapewa bado.

Ni network.target iliyokupotosha. Inakuhakikishia kwamba msimamizi wa mtandao ameshaanza kazi; kuhusu anwani haisemi lolote. Unayoitaka ni network-online.target, inayosubiri mtandao uwe tayari, na uitaje mara mbili: Wants=network-online.target, halafu After=network-online.target. After hupanga tu nani atangulie, Wants ndiyo inayoita. Ukiandika After peke yake na hakuna huduma nyingine iliyoiita, hakuna kitakachosubiriwa. Ukimaliza, andika systemctl daemon-reload ili systemd isome faili upya, kisha hakikisha huduma ya kusubiri mtandao, NetworkManager-wait-online au systemd-networkd-wait-online, imeruhusiwa kuanza, kutegemea ni yupi anayesimamia mtandao wako.

Najua utauliza: mbona Restart=always haikuokoa? Kwa kawaida systemd husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena, na huduma ikianza mara 5 ndani ya sekunde 10 inakata tamaa. Yako ilimaliza nafasi zake zote kabla anwani haijafika. Weka RestartSec=5, yaani isubiri sekunde 5 kila mara, na kikomo hicho hakitafikiwa.

Ukikuta 203/EXEC badala yake, basi faili ya programu haikuonekana au haina ruhusa ya kuendeshwa. Kama iko kwenye diski nyingine, ongeza RequiresMountsFor= na njia ya folda yake, ili diski hiyo iunganishwe kwanza.

Ujumbe ukiwa mwingine kabisa, niandikie tena, na uniletee mistari yote ya uwashaji huo.