Gemu za kulipia kwa mwezi zitadumu kweli?

SWALI: Mdogo wangu amening'ang'ania nimlipie Game Pass, ile huduma ya gemu za Xbox ya Microsoft unayolipia kila mwezi, anasema gemu mamia kwa hela kidogo. Hawa jamaa wanapata faida kweli au watakuja kufunga?

JIBU: Ndugu yangu, angalia bei kwanza. Ilianza 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi, ile Ultimate, yaani kifurushi cha juu kabisa, ikaja 2019 kwa 14.99, na Oktoba 2025 huko Marekani ikafika 29.99, yaani mara mbili kabisa! Sababu ni kwamba gemu kubwa inatengenezwa na mamia ya watu kwa miaka, af mchezaji analipia mwezi mmoja anaimaliza anajitoa, wakati dukani ingeuzwa dola 70. Februari 2024 Microsoft walisema wana wateja milioni 34, sio wachache, ila mi naona hii biashara ni ya wenye hela ndefu tu na bei itazidi kupanda. Naumia zaidi kwa watengenezaji wadogo, maana watu wakishazoea kutonunua, wao watakula wapi?

Dogo mlipie mwezi wa likizo, af zima malipo ya kujirudia. Ile gemu anayoipenda sana mnunulie, maana ukiacha kulipa zile zingine hazifunguki tena.